Vyumba vinavyopotea kabla ya msingi: kusoma masharti ya kiwanja na kusukuma kibali cha ujenzi Mwanza

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 mkoani Mwanza. Ya 2022 ikakuta 3,699,872. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki tisa, na wengi wao kitu cha kwanza wanachotafuta ni chumba cha kupanga. Vyumba hivyo hujengwa zaidi na watu wa kawaida: mwalimu, mfanyabiashara wa dagaa Kirumba, mstaafu aliyepokea mafao yake. Mwenye kiwanja Buswelu au Kishili huanza na nia ya vyumba kumi na kuishia na sita, au huachana na kibali kabisa na kujenga kiholela mlimani. Vile vyumba vinne vilivyopungua havikuliwa na saruji. Viliishia kwenye masharti ya kiwanja na kwenye foleni ya kibali. Mwongozo huu unaonyesha vinapotelea wapi, na vipi unaweza kuviokoa.

Anza na masharti, mchoraji baadaye

Kosa linaloongoza ni kununua ramani kwanza, tena mara nyingi iliyotolewa mtandaoni, kisha kwenda ofisini kuuliza kama inakubalika. Geuza mpangilio. Jua kwanza kiwanja chako kiko halmashauri gani, kwa sababu Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ni mamlaka mbili tofauti, na mtu wa Kiseke, iliyoko Ilemela, hana faili Nyamagana, yaani Jijini. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako na namba ya kiwanja na kitalu, uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lako, ule ambao mafundi na madalali huuita TP. Kisha soma hati yako ukurasa wa masharti, mstari kwa mstari.

Andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi moja: matumizi yaliyoruhusiwa ni makazi pekee, makazi na biashara, au mengine? Je, yanaruhusu nyumba ya familia moja tu au kaya kadhaa? Unatakiwa kuacha mita ngapi mbele, nyuma na kila ubavu? Ni asilimia ngapi ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo? Uwiano wa jumla ya sakafu zote kwa eneo la kiwanja ni ngapi? Mwisho ni sakafu ngapi kwenda juu? Maegesho mangapi?

Neno moja linachanganya watu. Ofisini utasikia "ujazo" kwa maana mbili. "Ujazo wa juu" au "ujazo wa chini" ni daraja la viwanja vya eneo zima, kwamba ni vidogo vilivyobanana au vikubwa vilivyoachana. Lakini "ujazo wa kiwanja" kwenye fomu ya michoro ni sehemu ya kiwanja inayofunikwa na jengo. Ukijaza moja mahali pa nyingine, faili linarudi.

Piga hesabu ya vyumba

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Tarakimu za masharti tunazotumia hapa ni za mfano. Zako chukua kwenye karatasi uliyoandika ofisini.

Kuacha mita 4 mbele, 3 nyuma na 2 kila ubavu kunakubakizia eneo la mita 16 kwa 18, sawa na mita za mraba 288. Ukiliangalia hilo peke yake utadhani una nafasi tele. Lakini kama sharti la kufunika ni asilimia 40, jengo lako la chini haliwezi kuzidi mita za mraba 200. Mita 88 zimekwenda. Chumba kimoja chenye choo na jiko dogo ndani, ukijumlisha kuta na sehemu yake ya korido, kihesabie mita za mraba 25. Kwa hiyo una vyumba vinane.

Sasa tazama uwiano. Ukiwa 0.4, sakafu zote kwa pamoja hazizidi 200, kwa hiyo ghorofa huna hata kama hela unayo. Ukiwa 0.8 unaruhusiwa 400, na ukitoa nafasi ya ngazi unapata vyumba kama 14. Tofauti ya vyumba sita kwa tarakimu moja kwenye karatasi, juu ya ardhi ileile, barabara ileile, bomba lilelile la maji.

Halafu yanakuja maegesho, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Gari moja linataka mita 2.5 kwa 5, sawa na 12.5. Ongeza nafasi ya kugeuzia, ambayo kwa kiwanja kidogo huwa karibu kiasi hichohicho, unapata 25. Kama sharti ni gari moja kwa kila chumba, vyumba 14 vinadai mita za mraba 350 za maegesho. Ardhi iliyobaki wazi ni 300, na humo kuna karo la majitaka na shimo la kunyonya maji pia. Kwa hiyo hata ukiruhusiwa ghorofa kwa uwiano, maegesho yanakunyima. Mpangaji wa chumba kimoja Igoma anapanda daladala au bodaboda. Gari lake halipo, ila nafasi ya gari lake imekula chumba cha mwenzake. Sharti hili ndilo la kwanza kuombewa nafuu kwa maandishi, kabla michoro haijakamilika.

Kwenye kiwanja chembamba mambo ni mengine. Chukua mita 12 kwa 25. Ukiacha 2 kila ubavu, upana wa kujenga ni 8, na kwa urefu wa 18 unapata 144. Sharti likiwa mita 3 kila ubavu, upana unabaki 6 na eneo linashuka hadi 108. Mita moja tu kila upande imeondoa mita za mraba 36, karibu chumba kimoja na nusu katika kila sakafu, kama sharti la kufunika halijakubana kwanza. Ndiyo maana kiwanja chenye uso mpana kwenye barabara kina thamani kuliko chembamba chenye eneo lilelile. Jambo hili lijue kabla ya kulipa, dalali hatakwambia.

Ukubwa wa chini wa kiwanja nao ni sharti la namna hiyohiyo. Kadiri kiwango kinavyokuwa kikubwa, ndivyo barabara, nguzo za umeme na mabomba yanavyogawanywa kwa kaya chache zaidi, na bei ya kiwanja kimoja inapanda juu ya uwezo wa mnunuzi. Houston, Marekani, mwaka 1998 walishusha kiwango hicho kwenye eneo la ndani ya jiji kutoka futi za mraba 5,000 hadi 1,400, yaani kutoka kama mita za mraba 465 hadi 130. Makumi ya maelfu ya nyumba ndogo za kuungana yalijengwa baada ya hapo, kwenye ardhi ambayo mwanzo ingebeba nyumba moja moja.

Mita ambazo hutakiwi kuzigombania

Si kila katazo ni la kupingwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda likaingia kwenye nyumba na biashara za ufukweni. Ukinunua Luchelele au Sangabuye, usipime mita 60 kutoka pale maji yalipo mwezi wa nane. Uliza wenyeji maji yalifika wapi miaka hiyo, na upime kuanzia hapo. Mtu anayekuuzia kiwanja "cha ufukweni kabisa" anakuuzia mahali ambapo hutapata kibali.

Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Wanaojenga kando ya barabara ya Shinyanga kuanzia Buhongwa kwenda Usagara, au ya Musoma kupita Igoma na Kisesa, wapime wenyewe kwa futi ya mita 50. Zamani ilikuwa mita 22.5, na bado kuna watu wanaouza kwa kipimo hicho cha zamani. Matokeo yake ni alama ya X nyekundu ukutani. Jirani na uwanja wa ndege, ukitaka ghorofa, urefu wa jengo unahitaji ridhaa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Milimani tatizo ni mwamba. Isamilo, Mabatini au Igogo unaweza kuchimba nusu mita ukakutana na jiwe, na hapo shimo la kunyonya maji halifanyi kazi: maji machafu yanateremka kwa jirani wa chini hadi Mto Mirongo na ziwani. Ofisa afya anapokataa mchoro wa namna hiyo ana haki. Kabla ya kuchora, chimba shimo la majaribio mahali unapokusudia kuweka karo, kisha uulize MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, kama mtaa wako umefikiwa na bomba la majitaka. Bomba likiwapo, ambatanisha uthibitisho wake kwenye maombi. Karo kubwa linaondoka kwenye mchoro na ardhi inarudi kwako.

Matumizi yakiwa hayakuruhusu

Hati ikisema makazi ya familia moja na wewe unataka vyumba 14, au fremu za biashara chini na vyumba juu, itabidi uombe kubadili matumizi ya ardhi. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambatanisha nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, na sababu. Tangazo hutolewa ili majirani wapate kusema, maombi yanapita kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipango miji, kisha yanapanda ngazi ya wizara ya ardhi. Yakikubaliwa, hati ya zamani inarudishwa na nyingine inatolewa yenye masharti mapya na kodi mpya.

Njia hii ndiyo ndefu kuliko zote, na inakwama sehemu mbili. Kwanza, kamati hukutana kwa ratiba, na faili lisilokamilika siku ya kikao linasubiri kikao kijacho. Muulize ofisa mipango miji tarehe ya kikao na siku ya mwisho ya kupokea mafaili, ukabidhi angalau wiki mbili kabla. Pili, majirani. Pita nyumba kwa nyumba na mchoro mkononi kabla tangazo halijabandikwa. Onyesha madirisha yanatazama wapi na maji ya mvua yatatoka wapi. Pingamizi nyingi ni hofu ya maji na ya kuchunguliwa uani, na zote mbili hutibika kwa mstari mmoja wa penseli kabla ya wino.

Faili la kibali

Maombi ya kibali cha ujenzi hupokelewa kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na malipo hufanywa kwa kontrol namba. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu za "kuharakisha". Ukishalipia nje ya mfumo, faili lako halina mahali linapoonekana na huna cha kufuatilia.

Andaa michoro ya usanifu: sakafu, mkato, sura za pande nne, msingi, paa, na ramani ya eneo ikionyesha jengo ndani ya mipaka. Kwa ghorofa, ongeza michoro ya mihimili, nguzo na nondo iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Uliza mapema halmashauri inataka seti ngapi za karatasi. Mchoro uonyeshe namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki, jina la mchoraji na ujuzi wake, ukubwa wa jengo kwa mita za mraba, ujazo, uwiano, matumizi, maegesho, umbali kutoka kila mpaka, na njia ya maji safi na majitaka. Weka pia uthibitisho wa umiliki na risiti za kodi.

Kabla ya kukabidhi, tandika mchoro mezani na ushike rula. Kwa skeli ya 1:100, sentimita moja ni mita moja. Pima kutoka ukutani hadi mstari wa mpaka kila upande. Sharti likiwa mita 2 na rula ikasoma sentimita 1.8, huo mchoro umekwisha kukataliwa, hata kama maandishi pembeni yanasema "2000". Pima pia baraza na ngazi za nje, maana wachoraji wengi huanza kupima ukutani na kusahau baraza. Linganisha herufi ya kitalu kwenye mchoro na kwenye hati: B na D zikipishana, mpimaji anakwenda kukagua kiwanja cha mtu mwingine.

Sababu nyingine ya mafaili kurudi ni jina. Umenunua kwa hati ya mauziano lakini hati miliki bado ni ya muuzaji, au jina la kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA) linapishana na la kwenye hati. Uhamisho wa miliki ni mlolongo wake peke yake, kwa hiyo uanze mapema, mchoraji akiwa bado anafanya kazi. Na bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpima ardhi: tafuta zote nne kabla ya siku ya ukaguzi. Iliyong'olewa irudishwe na mpima ardhi mwenye leseni. Usikubali kupimiwa kuanzia kwenye uzio wa jirani, kwa sababu uzio hufuata michongoma iliyopandwa miaka hiyo na bikoni hufuata vipimo.

Jambo moja linalookoa fedha nyingi: omba kibali cha jengo lako la mwisho. Kama ndoto ni ghorofa mbili na sasa una fedha za sakafu ya chini tu, wasilisha michoro ya zote mbili na ueleze kuwa utajenga kwa awamu. Ukiomba sakafu ya chini peke yake, fundi atamwaga msingi wa nyumba ya kawaida, na miaka mitano baadaye sakafu ya juu itahitaji kibali kipya na msingi ambao haupo. Hesabu awamu zako pia dhidi ya hati: nyingi za makazi humtaka mmiliki akamilishe ujenzi ndani ya miezi 36.

Mwezi mmoja una bei gani

Faili hupita kwa wataalamu wa mipango miji, ardhi, afya, uhandisi, na kwa majengo makubwa zimamoto. Likipita kwa zamu, mmoja akisafiri, wote wanasubiri. Hapo ndipo miezi inapokwenda, na miezi ni vyumba.

Tuseme vyumba vinane, kodi laki moja kila kimoja: mwezi wa kuchelewa ni 800,000 zisizoingia. Kama umekopa milioni 40 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, mwezi huohuo benki inadai riba ya kama 533,000. Miezi minne inakugharimu zaidi ya milioni 5 kabla ya jembe kugusa ardhi. Fedha hiyo haipotei hewani. Inarudi kwa mpangaji kama kodi ya juu, au inapunguzwa kwenye jengo kama chumba kisichojengwa. Kwa sababu hiyo, usichukue mkopo kabla kibali hakijatoka. Maliza karatasi kwa fedha zako.

Kalenda ya mvua inazidisha hasara. Miezi mizuri ya kuchimba msingi Mwanza ni Juni hadi Septemba, baada ya masika. Kibali ulichokitarajia Juni kikitoka Oktoba, unachimba kwenye vuli: kuta za mtaro zinaporomoka, na kwenye miteremko maji yanajaza shimo kila asubuhi. Ili uchimbe Juni, kabidhi faili kamili Januari.

Baada ya kukabidhi, chukua nakala ya Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa halmashauri. Siku za kushughulikia kibali zimeandikwa humo. Fuatilia kila wiki, ukiuliza swali moja: "Faili liko meza ya nani, na linasubiri nini?" Jibu liandike na tarehe. Siku za mkataba zikipita, peleka barua kwa mkurugenzi ukinukuu mkataba wenyewe, nakala kwa diwani wako. Barua yenye tarehe na meza iliyotajwa hujibiwa. Malalamiko ya mdomo kwenye korido hayaachi alama popote.

Ukipata kibali, soma muda wake na mwite mkaguzi katika kila hatua: msingi, jamvi, kuta, upauaji, na kabla ya kuhamia. Usimwage zege la msingi kabla ya ukaguzi.

Kubadili sharti lenyewe

Nafuu ya kiwanja kimoja inamsaidia mmoja. Jiji lina Mpango Kabambe wa 2015 hadi 2035, na chini yake hutengenezwa mipango ya kina ya maeneo. Hapo ndipo asilimia, mita na maegesho huamuliwa, na sheria ya mipango miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe. Mkutano wa mtaa unaotangaza urasimishaji au mpango wa kina wa eneo lenu ndio wa kuhudhuria. Watu wengi huja kuuliza gharama ya kupimiwa tu, wakati mchoro unaoamua vyumba vya miaka ishirini ijayo umebandikwa ukutani nyuma yao.

Maoni yaandike kwa tarakimu. Mfano:

"Tunaomba viwanja vya eneo hili vyenye mita za mraba 300 au chini yake viruhusiwe kuacha mita 1.5 ubavuni, na upande mmoja uungane na jirani kwa makubaliano ya maandishi. Tunaomba maegesho yawe gari moja kwa vyumba vinne vya kupanga, ndani ya mita 400 kutoka njia ya daladala. Tunaomba uwiano wa 1.0 kwa viwanja vilivyounganishwa na bomba la majitaka. Tunakubaliana na mita 60 za ziwa na hifadhi ya barabara zibaki zilivyo."

Wasaini wenye viwanja na wapangaji pia, kila mmoja na namba ya nyumba yake. Ikabidhiwe kwa ofisa mtendaji wa mtaa na ofisi ya mipango miji, zote mbili, kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo. Usiondoke dirishani bila nakala yako kugongwa mhuri wa kupokelewa.